Kuokoka maana yake nini: neema, toba na imani

Jumapili moja, katika darasa la kipaimara ninalofundisha hapa Malindi, binti wa miaka kumi na minne aliinua mkono. "Mwalimu, mimi nimebatizwa na kanisani naja kila wiki, lakini shangazi anasema sijaokoka. Kwani kuokoka ni nini hasa?" Nilimjibu mbio mbio, maana saa saba ilikuwa imeshapita na watoto wana njaa. Jibu lile halikuniridhisha, na nina hakika yeye pia halikumtosha. Hapa ninamjibu tena.

Nianze na neno lenyewe. Kuokoa ni kumtoa mtu kwenye hatari ambayo peke yake hawezi kuitoka: anayezama, aliyezingirwa na moto. Kutoka hapo tunapata "okoka", kauli ya kutendeka, ndugu yake funguka na vunjika. Mlango ukifunguka, haukujifungua. Lakini kwa jinsi tunavyolitumia, "nimeokoka" limekuja kusikika kama kazi aliyoifanya mtu mwenyewe, siku fulani, mkutano fulani. Desturi ya kusimama na kusema "Bwana asifiwe, nimeokoka, nampenda Bwana" ilienezwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda miaka ya 1930, na siidharau hata kidogo. Nimeona nyumba zilizopona kwa sababu baba alisimama siku moja akasema maneno hayo na akayaishi. Ila Paulo alipowaandikia Waefeso alitumia kauli ya kutendwa: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mmeokolewa. Mtendaji ni mwingine.

Maneno mengine tunayoyategemea katika jambo hili, yaani neema, toba, imani, rehema na dhambi, wamisionari hawakuyabuni. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 aliyakuta vinywani mwa watu wa pwani, yametoka Kiarabu, na Waislamu walikuwa wakiyatumia siku zote. Ndiyo maana jirani yangu Mwislamu nikimwambia "toba" hahitaji kufafanuliwa. Tunachotofautiana ni habari ya msalaba, kwamba Mkristo anasema deni la dhambi lilibebwa na Kristo mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa. Lakini lugha tunaichota kisima kimoja.

Neema, kwa mtu wa hapa, kwanza ni wingi unaokuja bila wewe kuuita. Mvua ikinyesha vizuri Magarini, mahindi yakashika, mkulima anasema mwaka huu ni wa neema. Alilima, ndiyo, ila mvua hakuileta yeye. Biblia inalichukua neno hilo na kulipeleka mbali zaidi: Mungu anampa mtu mema asiyostahili, tena anampa wakati mtu huyo bado yuko upande wa makosa. Warumi 6:23 inaweka maneno mawili ubavuni: "mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele". Mshahara unaufanyia kazi, ukicheleweshwa una haki ya kuudai. Karama haidaiwi.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa kuelewa, na mimi nilishindwa kwa miaka, mpaka nilipoliona jambo hili kwa mama mmoja jirani yetu. Yeye ni mama karanga: ananunua samaki kwa wavuvi, anakaanga, anauza jioni kando ya njia. Msimu mmoja wa kusi bahari ilichafuka, samaki wakawa haba na ghali, akachukua kwa mkopo, akachukua tena, deni likafika shilingi 4,300. Tajiri wake, mzee aliyekuwa akimkopesha samaki, ana daftari la jalada gumu, kila mdaiwa na ukurasa wake. Mama akaanza kumkwepa. Akawa anapita njia ya nyuma, kwenye miiba na maji machafu, asipite mbele ya kibanda chake. Baadaye yule mzee, ambaye alijua mume wa mama anaumwa, akachukua kalamu akapiga mstari ukurasa mzima, akamtuma kijana: kamwambie deni nimelifuta.

Mama hakuamini. Alidhani ni mtego wa kumleta karibu, adaiwe mbele za watu. Kwa muda wa wiki mbili hivi aliendelea kupita njia ya nyuma, akichomwa miiba kwa ajili ya deni ambalo halikuwapo tena.

Siku moja akageuka. Alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akasema, "Mzee, nimekukosea, nilikuwa nakukimbia." Mzee hakusema mengi, alifungua daftari akamwonyesha mstari. Mama aliniambia aliupitisha kidole mstari ule tangu juu hadi chini.

Kila neno la somo letu limo katika kisa hicho. Mstari wa kalamu ndio neema, na ulipigwa kabla mama hajafika. Kugeuka kwake ndiyo toba. Kuuamini ujumbe, akakaa kwenye benchi bila kutetemeka, ndiyo imani. Imani yake haikufuta deni, lakini bila imani angeendelea kuishi kama mdaiwa hadi leo.

Toba nayo inahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu tumeifanya kuwa machozi tu. Asili yake ya Kiarabu ni kurudi. Manabii wa Agano la Kale walitumia neno la Kiebrania lenye maana hiyo hiyo, na Agano Jipya la Kigiriki linasema kubadili nia. Mtu anaweza kulia madhabahuni usiku mzima akaamka kesho yuko njia ile ile; huyo amelia, hajatubu. Yohana Mbatizaji aliwaambia watu, "zaeni matunda yapasayo toba". Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichonyang'anya. Ila someni Luka 19 polepole mwone mpangilio wake: Yesu alimwita kwa jina na kusema atashinda nyumbani mwake kabla Zakayo hajatoa ahadi yoyote. Ukarimu wa Zakayo ulikuja baada ya kupokelewa, haukuwa kiingilio.

Kuhusu imani nitasema kwa ufupi. Imani, amini, amana na amani ni maneno ya ukoo mmoja. Ukimwekea mtu amana, umemkabidhi kitu chako kwa kuwa unamtegemea. Kuamini kwa namna hiyo kunapita kukubali kwamba Mungu yupo. Yakobo anasema hata mashetani wanaamini hayo na kutetemeka. Ni kujikabidhi.

Na matendo je? Yakobo huyo huyo anasema imani isiyo na matendo imekufa. Wapo wanaomgonganisha na Paulo, nami naona hawagombani: Paulo anamjibu mtu anayetaka kununua wokovu, Yakobo anamjibu mtu anayedai ameupokea huku ndugu yake hana nguo wala chakula. Yule mama siku hizi humpelekea mzee tasi wa kukaanga, amemfunga kwenye karatasi. Hakuna aliyemwomba, na mzee hamwandiki popote.

Ninaposisitiza kwamba neema hainunuliwi, nina sababu, nayo si ya kitabuni. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, huku bara ya Malindi, makaburi yalianza kufukuliwa. Hadi mwisho zilitolewa maiti zaidi ya 400, watoto wakiwa wengi. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Walionusurika walisimulia kwamba waumini walifundishwa kufunga kula hadi kufa, ili wakutane na Yesu. Malori yalipita mjini na miili, na harufu ya hospitali ilikopelekwa wiki hiyo sitaisahau. Mimi ni mwalimu wa dini, na nilijiuliza ni nini tulichokosa kufundisha mpaka mama akaweza kumnyima mwanawe maji kwa jina la Mwokozi.

Haya ndiyo ninayoamini tulipaswa kuyasema kwa sauti kubwa zaidi. Kufunga ni nidhamu njema. Yesu mwenyewe alifunga siku arobaini. Lakini alipomaliza aliona njaa, na malaika wakaja wakamtumikia. Anayefunga hamlipi Mungu chochote. Mtu akikwambia kwamba mwili wako, njaa yako, shamba lako au mtoto wako ndio bei ya mbinguni, ameshaondoka kwenye Injili, hata kama ameshika Biblia mkononi na anajua mistari yote. Bei ililipwa mara moja. Kristo, mkate wa uzima, aliwalisha watu elfu tano penye nyasi; hakuwaacha walale njaa wapate kustahili. Tena mafundisho haya hayawahusu wa Shakahola peke yao. Mahubiri ya "panda mbegu ya shilingi elfu kumi upokee muujiza" yana mzizi ule ule, wa kufanya neema kuwa bidhaa.

Makanisa yetu hayasemi mambo haya kwa maneno mamoja. Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa mwaka 1517, alishikilia kwamba mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani tu, na sisi Waanglikana tunalo hilo katika ibara ya 11 kati ya zile 39 za imani yetu. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547, walifundisha kwamba neema humbadilisha mtu kwa ndani naye hushirikiana nayo, na aliyeanguka baada ya ubatizo hurudi kwa sakramenti ya kitubio. Wengi hawajui kwamba hati hiyo hiyo ya Trento inasema hakuna kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachostahili neema ya kuhesabiwa haki. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu jambo hili, na Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Waorthodoksi huuzungumzia wokovu zaidi kama kuponywa na kushirikishwa uzima wa Mungu. Wapentekoste husisitiza siku ya uamuzi na sala ya toba. Shangazi wa yule binti anasali huko, na swali lake si baya: anataka kujua kama mtoto amejikabidhi kweli, au amezoea tu kuvaa nguo ya Jumapili. Mimi ningemjibu kwamba wengine hukumbuka siku waliyogeuka na wengine hulelewa ndani ya nyumba ya Baba tangu utoto, wala hawaikumbuki siku. Kinachoangaliwa ni mtu anamtegemea nani leo.

Binti aliniuliza na la pili tukiwa tunafunga mlango: mtu akiokoka kisha akaanguka, inakuwaje? Makanisa yanabishana hapo pia, kama wokovu unaweza kupotea au la. Mimi nilimfungulia Luka 15, mfano wa mwana mpotevu. Yule mwana mdogo, akiwa bado analisha nguruwe, alitunga hotuba: nitamwambia baba nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alikuwa anaomba kazi, apate mshahara. Nilimwambia binti asome tena pale mwana anapofika, aone ni maneno gani ya hotuba ile hayakusemwa. Alifuata mistari kwa kidole, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hakusema ya watumishi," akasema. "Baba alimkatiza, akaagiza vazi."