Je, wajua kwa nini wakili wa bure alipoondolewa, usuluhishi nao ulidorora?

Ukiuliza watu mtaani wengi watakwambia mawakili ndio wanaorefusha kesi za ndoa, maana kesi ikiendelea na wao wanaendelea kulipwa, watoe tu uone watu wanavyomalizana wenyewe. Serikali ya Uingereza nayo ilipiga hesabu hiyo hiyo. Msaada wa kisheria wa hela za walipa kodi ulianza kule na sheria ya 1949, ukakua mpaka unakula zaidi ya pauni bilioni 2 kwa mwaka, ndipo ikaja sheria ya 2012 iliyoanza kutumika Aprili 2013. Kuanzia hapo, England na Wales, mkiachana na mkagombea watoto au nyumba, kwa kawaida serikali haikulipii wakili, labda uwe na ushahidi wa kunyanyaswa. Usuluhishi ndio ukaachwa, mwenye kipato kidogo bado analipiwa, wakategemea watu watahamia huko.

Haikuwa hivyo hata kidogo. Mwaka wa kwanza tu, vikao vya kwanza na msuluhishi vilivyolipiwa na serikali vilishuka zaidi ya nusu, na kesi za familia ambazo pande zote hazina wakili zikapanda asilimia 30.

Kumbe aliyekuwa anawapeleka watu kwa msuluhishi ni yule yule wakili. Utaratibu wa zamani ulikuwa kwamba kabla serikali haijakulipia kesi, kwanza ukamwone msuluhishi, na wa kukuambia hilo ni wakili. Chukulia zahanati ya kijijini: hospitali ya mkoa inatoa tiba bure, ila nesi wa zahanati ndiye anayekupima, anakuandikia rufaa na kukuelekeza dirisha gani uende. Ukimwondoa nesi ili kubana matumizi, tiba bado ni bure lakini wagonjwa hawafiki, wanakuja kutokea emajensi hali ishakuwa mbaya.

Ndivyo baba anayetaka kuwaona wanawe alivyojikuta anajaza mwenyewe fomu C100, ile ya kuiomba mahakama iamue kuhusu watoto, hajui aandike nini na aache nini, halafu jaji anatumia muda wa kesi kumwelekeza.

Ila anayesema gharama mpya zilimeza akiba yote ya mageuzi yale anazidisha, gharama iliyopimwa upande wa mahakama ilikuwa ndogo kulinganisha na kilichookolewa. Shida ni kwamba mzigo uliokwenda kwingine, kama afya na makazi, haukupimwa vizuri, na wakaguzi wa hesabu za serikali walilisema hilo 2014.

Aprili 2014 ikawa lazima anayefungua kesi aanze kwa msuluhishi, na 2021 ikaja vocha ya hadi pauni 500 ya kulipia usuluhishi, bila kuangalia kipato. Ni hatua nzuri kweli, lakini vocha inamsaidia aliyekwisha fika kwa msuluhishi. Mimi ningerudisha kwanza ushauri wa wakili anayelipiwa na serikali mwanzoni kabisa, kabla fomu haijajazwa.