Kuumwa na nyoka Kilifi: maswali ya kabla ya kupanda bodaboda

Ukiwa Ganze au Magarini, kaunti ya Kilifi pwani ya Kenya, msimu wa palizi, nyoka si habari ya redioni. Ni bafe aliyejilaza kwenye majani makavu unapoinama kung'oa magugu, au swila anayeingia ndani usiku akifuata panya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakulima, wachungaji na watoto wa vijiji vilivyo mbali na hospitali. Kwa hivyo nitazungumzia sumu, lakini zaidi nitazungumzia safari ya kufika hospitalini.

Nimeumwa sasa hivi. Nianze na nini?

Sogea mbali na nyoka, kisha utulie. Misuli ikifanya kazi huisambaza sumu upesi, kwa hivyo aliyeumwa mguuni asitembee hadi barabarani, abebwe. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au fimbo kwa leso, bila kukaza, kama cha mtu aliyevunjika mfupa. Angalia saa, kisha safari ianze.

Nikaze kamba, nichanje, au niweke jiwe jeusi?

Hapana, yote matatu. Kamba hukata damu na inaweza kuoza mguu ambao ungepona. Kama imeshafungwa na kukazwa sana, usiifungue ghafla njiani. Waachie wahudumu hospitalini. Kuchanja huongeza kidonda na kutoka damu.

Jiwe jeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Hung'ang'ania kwenye jeraha kwa sababu hunyonya majimaji, ndipo watu wakaamini kwamba linavuta sumu. Karibu kila kijiji kuna mzee atakayeapa kwamba lilimponya, na hasemi uongo: mara nyingine nyoka huuma bila kutoa sumu, au aliyeuma hana sumu kabisa. Mtu kama huyo angepona hata bila jiwe. Shida ni yule wa pili, aliyeingiwa na sumu kweli, akangojeshwa hadi asubuhi.

Niende zahanati ya karibu au hospitali kubwa moja kwa moja?

Hapa ndipo saa hupotea. Dawa ya sumu ya nyoka hutiwa kwenye mshipa kwa dripu, mara nyingi chupa kadhaa, na inaweza kuzusha mzio mkali. Anayeitoa lazima awe na adrenalini, dawa ya kutuliza mzio huo, karibu, na mtu wa kumwangalia mgonjwa. Zahanati nyingi hazina uwezo huo. Isitoshe, Kenya huagiza dawa hii kutoka nje, ni ghali, na hata hospitali kubwa inaweza kuishiwa.

Kwa hivyo, wakati wengine wanambeba mgonjwa, mmoja apige simu. Ampigie mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa zahanati, aulize mambo mawili: dawa iko wapi sasa hivi, na anayejua kuitoa yupo? Inaweza kuwa hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kilifi, au Malindi, au Mariakani. Simu isimcheleweshe mgonjwa. Ipigwe mkiwa tayari mnaelekea barabarani.

Kwenye bodaboda mgonjwa akae katikati, nyuma yake awe na mtu wa kumshika. Akilegea kope, akashindwa kumeza au kupumua kwa shida, kama inavyotokea kwa aliyeumwa na koboko, msikipite kituo chochote chenye uwezo wa kumsaidia kupumua. Akitapika au kusinzia, mlazeni kwa ubavu.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Naamini tangazo lililobandikwa mlangoni pa kila zahanati, likitaja hospitali yenye dawa wiki hiyo, lingeokoa watu. Tuwadai madiwani wetu hilo. Kwa sasa, andika namba ya mhudumu wa kijiji chako ukutani leo.

Sina pesa wala sijajisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Watanirudisha?

Hawaruhusiwi. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, jisajili sasa kwa *147# ukiwa mzima.

Lazima niende na nyoka mwenyewe?

Usimfukuze, watu huumwa mara ya pili wakimtafuta. Daktari husoma dalili, na anaweza kuweka damu kidogo kwenye chupa ya kioo kwa dakika 20 aone kama inaganda. Mtoto, kwa njia, hupewa dawa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu.

Swila ametema machoni. Je?

Osha papo hapo kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, bila kusugua, kisha nenda ukapimwe jicho. Swila mkubwa wa huku kwetu alitambuliwa kuwa aina ya pekee mwaka 2007 tu, akaitwa *Naja ashei* kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa nyoka Watamu.

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Yamekwisha?

Bado. Kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi, dawa yenyewe inaweza kuleta homa, mwasho na maumivu ya viungo, rudi, inatibika. Kidonda kikigeuka cheusi au kutoa harufu, usikifunike na majani ukangoja. Na kama una maumivu, usijinunulie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki dukani, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu. Paracetamoli inatosha hadi uonwe.