Kwa nini jarida la kampuni hushindwa na redio mbao?

Je, wajua kwamba siku jarida la wafanyakazi linapotoka, habari zenye uzito huwa zimeshachakaa? Nani anahamishiwa tawi la Dodoma, nani kapandishwa cheo na kwa nini, kama bima ya afya inabadilishwa au la: yote hayo yamekwisha kujadiliwa kantini, kwenye basi la wafanyakazi na katika lile kundi la WhatsApp ambalo bosi hajaunganishwa. Kisha ndipo jarida linafika, karatasi ya kung'aa au PDF ya kurasa 16. Ukurasa wa kwanza, mkurugenzi akikabidhi hundi ya mfano. Wa pili, salamu za mkurugenzi. Wa tatu, mkurugenzi na mgeni rasmi wakikata utepe. Mfanyakazi anatafuta kama picha yake ya bonanza imetoka, haioni, anafunga.

Redio mbao, yaani uvumi wa mdomo kwa mdomo, haina mhariri wala bajeti, na haina hata uhakika wa inachokisema. Inawezaje basi kulishinda jarida lenye vyote hivyo?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilisumbuliwa sana na uvumi, na wanasaikolojia wawili wa huko, Gordon Allport na Leo Postman, wakauchunguza. Mwaka 1947 walieleza hoja yao kwa kanuni fupi: nguvu ya uvumi hutokana na umuhimu wa jambo kwa msikilizaji, ukizidishwa kwa utata wa taarifa zilizopo. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu lote ni sifuri.

Ijaribu kanuni hiyo ofisini. Mabadiliko ya bodi katika kampuni ya nchi ya mbali yanaweza kuwa na utata wa kila aina, lakini mhasibu wa Mwanza hayamhusu, hivyo hana la kuyasema. Siku ya mshahara inamhusu mno, ila kama kila mtu anajua ni tarehe 25, hakuna cha kunong'ona. Sasa tarehe 25 ipite kimya. Umuhimu uko juu, utata umepanda, na ikifika saa nne asubuhi kampuni imeshauzwa, imefilisika na inahamia Nairobi, yote kwa mpigo.

Lirudie sasa lile jarida. Hundi ya mfano haina utata wowote, na kwa mfanyakazi wa ghalani haina umuhimu pia. Ilichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo: haimgusi mtu. Kijana wa kitengo cha mawasiliano huandika rasimu, akaipeleka rasilimali watu, wao wakaipeleka kwa mwanasheria, mwanasheria ofisini kwa mkurugenzi, na kila meza inapunguza mistari miwili. Kinachorudi ni kile ambacho hakuna aliyekuwa na swali nacho. Simlaumu kijana. Hata mwandishi hodari akipewa mambo ambayo tayari yana majibu, atatoa jarida la kufungia maandazi.

Yupo tajiri mmoja wa London aliyelikabili tatizo hili mapema mno. John Spedan Lewis alikuwa mtoto wa John Lewis, mwenye duka kubwa la nguo la Oxford Street lililofunguliwa mwaka 1864. Akiwa kijana kwenye biashara ya baba, alipiga hesabu akagundua kwamba yeye, ndugu yake na baba yao walichukua fedha nyingi kwa mwaka kuliko mishahara ya wafanyakazi wote ikijumlishwa pamoja. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Mwaka 1914 baba alimkabidhi duka jingine, Peter Jones, kule Chelsea, lililokuwa likisuasua. Huko ndiko alikoanza majaribio yake, na mwaka 1918 akaanzisha jarida la ndani lililoitwa Gazette.

Yeyote kati ya wafanyakazi aliruhusiwa kuliandikia barua, na aliruhusiwa kutotaja jina lake. Barua ingeweza kulalamikia chakula, zamu, mkuu wa idara au uamuzi wa mwenye duka mwenyewe. Ikichapishwa, kiongozi anayehusika alitakiwa kuijibu, na jibu lake lichapishwe ili kila mtu alisome. Muuza vitambaa anauliza kwa nini punguzo la bei kwa wafanyakazi limebanwa; mkuu wa kitengo, kwa cheo chake, anaeleza kwa nini. Jibu likiwa la kukwepa, duka zima linaona kwamba amekwepa.

Ipime kwa kanuni ya Allport na Postman, ingawa wao walikuja baadaye. Barua inaleta jambo lenye umuhimu, maana mtu hachukui kalamu kulalamikia asichokijali. Jibu linaondoa utata. Redio mbao inabaki na kipi cha kutangaza? Spedan Lewis alikwenda mbali zaidi: hata takwimu za mauzo ya maduka zilichapishwa humo, vitu ambavyo waajiri wengi wa zama zile wangevifungia kwenye sefu.

Wakati huo huo, upande wa baba mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1920 mamia ya wafanyakazi wa duka la Oxford Street waligoma kwa wiki kadhaa wakidai mazingira bora ya kazi, na mzee hakukubali kukaa nao mezani. Sidai kwamba jarida lingezuia mgomo ule. Mishahara haijibiwi kwa wino. Lakini ni familia ile ile, mji ule ule, na njia mbili tofauti kabisa za kumsikia muuzaji wa kaunta. Mwaka 1929, baada ya baba kufariki, mtoto aliikabidhi biashara kwenye mfuko wa udhamini ili faida igawanywe kwa wafanyakazi, na Gazette likawa mojawapo ya nguzo za utaratibu huo. Mwaka 2018 lilitimiza miaka 100.

Hapo mtu atasema: sawa, hao walikuwa wakiwaandikia watu wao. Je, jarida la wateja? Mteja halazimiki kusoma chochote, na hana kantini ya kupigia soga.

Mfano wake uko Moline, jimbo la Illinois, Marekani, kwenye kampuni ya John Deere. Mwaka 1895 kampuni hiyo ilianza kuwatolea wakulima jarida liitwalo The Furrow. Wakati huo Deere waliuza plau na zana nyingine. Biashara ya matrekta waliingia mwaka 1918 walipoinunua kampuni moja ya injini ya Waterloo, Iowa. Yaani jarida lina umri mkubwa kuliko trekta lao, na bado linatoka, kwa lugha zaidi ya kumi. Kilicholibeba miaka yote hiyo ni udongo, mbegu, mifugo, hesabu za shamba na visa vya wakulima wenyewe. Bidhaa za kampuni hupewa nafasi ndogo kuliko unavyotarajia kwa mtu anayelipia uchapishaji. Mkulima hulifungua kutafuta namna ya kuzuia mmomonyoko, na jina la Deere linamkodolea macho kila ukurasa bila kusema neno.

Kanuni ni ile ile. Mkulima ana maswali yenye umuhimu na yasiyo na jibu la wazi: mvua, magonjwa, bei. Kampuni iliyochagua kuyashughulikia imejipatia msomaji. Kampuni inayomwandikia mteja kwamba "tunajivunia kuzindua" haijamjibu swali alilokuwa nalo. Benki inayotuma jarida kwa wenye maduka ya rejareja ingefanya vyema kueleza namna ya kutunza daftari la mikopo kuliko kutangaza tuzo iliyopokea hotelini.

Baada ya kuchagua jambo, inabaki sentensi, na hapa Kiswahili cha ofisini kina maradhi yake. Tazama tangazo hili, nimelitunga mwenyewe lakini kila msomaji amekutana na ndugu yake:

"Menejimenti inapenda kuwataarifu wafanyakazi wote kuwa, katika jitihada za kuboresha mazingira ya kazi na kwa kuzingatia maoni ya wadau, utaratibu mpya wa usafiri wa wafanyakazi umeandaliwa na utaanza kutekelezwa hivi karibuni."

Umeandaliwa na nani? Upi? "Hivi karibuni" inaweza kuwa kesho au baada ya uchaguzi mkuu. Tangazo limechukua jambo muhimu kabisa, gari la kwenda na kurudi kazini, likaliongezea utata. Saa moja baadaye kundi la WhatsApp litakuwa limefuta mabasi yote. Sasa lisome likiwa limeandikwa hivi:

"Kuanzia Jumatatu, basi la Mbagala litaondoka saa 11:45 alfajiri badala ya saa 12:15 asubuhi, kwa sababu ya ujenzi wa barabara. Basi la Kimara halibadiliki. Wanaotoka zamu ya usiku na kukaa Chamazi bado hawana gari. Tunalitafuta, na Ijumaa jioni tutawaambia tumefikia wapi."

Sentensi ya Chamazi ndiyo ambayo ofisi ya mkurugenzi itataka kuifuta, kwa kuwa inakiri kwamba jambo halijakamilika. Lakini ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mtu wa Chamazi ameshajua hana gari. Alichokuwa hakijui ni kama na nyinyi mnajua.

Warren Buffett, mwekezaji wa Marekani aliyejulikana kwa barua zake za kila mwaka kwa wanahisa wa kampuni yake, Berkshire Hathaway, aliwahi kueleza mbinu yake: aliandika akiwafikiria dada zake, Doris na Bertie, wanawake wenye akili zao lakini wasio wataalamu wa hesabu za makampuni. Na hakuficha hasara. Katika barua ya 2007 aliutaja ununuzi wa kampuni ya viatu ya Dexter, aliyoichukua mwaka 1993, kuwa ndiyo biashara mbaya kuliko zote alizofanya hadi hapo. Watu ambao hawakuwa na hata hisa moja walizisubiri barua hizo kila mwaka. Sasa hebu mfikirie mhariri wetu akiandika kwa kumfikiria shangazi yake wa Korogwe badala ya mwanasheria wa kampuni.

Barua pepe nayo ina vituko vyake. Wengi hupima jarida kwa idadi ya "waliofungua", na takwimu hiyo hupatikana kwa kijipicha kisichoonekana kilichofichwa ndani ya ujumbe. Kikipakuliwa, mpokeaji anahesabiwa kuwa msomaji. Tangu Septemba 2021, programu ya barua pepe ya Apple inaweza kuvipakua vijipicha hivyo yenyewe, hata kama mwenye simu hajaugusa ujumbe. Kwa hiyo ripoti inayosema asilimia kubwa wamefungua huenda inahesabu mashine. Pia, tangu mwaka 2024, Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua nyingi za matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na kwa Google sharti hilo linawahusu wanaotuma zaidi ya ujumbe 5,000 kwa siku. Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo kuokota anwani za wateja kwenye daftari la mapokezi na kuzimwagia jarida si suala la adabu tu. Picha za watoto wa wafanyakazi na habari za ugonjwa wa mtu nazo ziombewe ruhusa kwanza. Tanzia na harusi ziwepo. Kurasa hizo husomwa kuliko salamu za mkurugenzi, na zinastahili.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuhesabu waliojibu. Kampuni inayotaka kuanza haihitaji mchoraji wa kurasa wala karatasi ya kung'aa. Inahitaji safu moja ya barua, njia ya kuzituma bila jina (sanduku la mbao lenye kufuli karibu na mlango wa kantini linatosha), na ahadi ya maandishi ya mkurugenzi kwamba kila barua itakayochapishwa itajibiwa na mwenye dhamana katika toleo hilo hilo. Matusi na tuhuma dhidi ya mtu binafsi mhariri aziweke kando na azipeleke panapohusika, lakini aseme wazi kwamba amefanya hivyo.

Barua ya kwanza pengine haitakuwa juu ya dira ya kampuni. Itauliza kwa nini choo cha ghorofa ya pili kimefungwa tangu Machi. Wapo watakaoona aibu kuiweka kwenye jarida lenye nembo. Iwekwe, na chini yake meneja wa majengo aandike fundi anakuja lini.