Matti nyuma ya mlango

Matti anataka kutoka nyumbani. Ameshavaa, yuko tayari, na kinachomzuia ni kimoja tu: jirani yuko kwenye korido. Basi anasubiri nyuma ya mlango, kimya, mpaka njia iwe nyeupe. Kichekesho chenyewe ndicho hicho, hakuna zaidi.

Matti ni mhusika mkuu wa Finnish Nightmares, vibonzo vya mtandaoni vilivyoanzishwa mwaka 2015 na mchoraji wa Kifini, Karoliina Korhonen. Mimi ni mtu wa isimu-jamii, nachunguza mazungumzo ya kila siku, na vibonzo hivi nimevirudia mara nyingi kuliko makala kadhaa za taaluma yangu. Wengi huniambia vinahusu aibu. Sikubaliani nao.

Mtazame tena pale mlangoni. Mwenye aibu huogopa ataonekanaje. Mimi naona Matti anapiga hesabu nyingine: nikitoka sasa, jirani itambidi anisalimu, nami nimjibu, halafu tushuke ngazi pamoja tukitafuta la kusema ambalo hakuna kati yetu aliyelihitaji. Kujificha kwake ni namna ya kumstahi mwenzake.

Mwaka 1955 mwanasosholojia Erving Goffman aliandika kuwa watu wakikutana, kila mmoja huwa na kazi ya kulinda nyuso mbili, yaani heshima mbele ya watu: wake na wa mwenzake. Sisi tunaosema uso umeumbwa na haya hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Baadaye wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson wakaonyesha kwamba uso huo una haja mbili: haja ya kupendwa na haja ya kutoingiliwa. Tabasamu la ukarimu hulisha haja ya kwanza na papo hapo hukanyaga ya pili. Matti anaishi kwenye ufa huo. Katika kibonzo kingine anataka kuonja kipande cha chakula kinachogawiwa bure dukani, lakini kukipata lazima azungumze na anayekigawa, na huyo mgawaji hana kosa lolote, kazi yake ni kuchangamka. Katika vibonzo hivi ni nadra kumkuta mtu mbaya. Nadhani ndiyo maana havichoshi.

(Jina lenyewe lina utani wake: Kifini kina msemo usemao Matti yuko kwenye pochi, maana yake mtu kafilisika.)

Vibonzo hivi vilipoingia China, vijana walivipokea kwa namna ambayo sidhani kama Wafini wenyewe waliitarajia. Likazuka neno jingfen, lililounganishwa kutoka jingshen, yaani roho au nafsi, na Fenlan, yaani Ufini. Jingfen ni Mfini wa rohoni. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ikajikuta na Wafini wake ambao hawajawahi kuiona theluji ya Helsinki.

Neno hilo lilishika, kwa maoni yangu, kwa sababu lilijaza pengo. Anayepanda lifti akiomba moyoni pasiingie mtu mwingine huwa tayari ana majina, na yote ni ya lawama: ana maringo, mzito, hajui kuishi na watu. Ghafla anaona kwamba kuna mahali ambapo tabia yake ina bendera. Alichokuwa akikihesabu kasoro kimegeuka uraia. Kibonzo kinamwambia hayo bila hotuba: mistari michache, maneno machache juu yake, na mgeni anayekuja kuketi pembeni yako kwenye basi. Picha hiyo haihitaji mkalimani.

Bila shaka Matti ni kikaragosi, na si kila Mfini anajiona ndani yake. Nilimweleza Mfini mmoja ninayemfahamu habari za jingfen. Alicheka, akanieleza maoni yake kwa dakika ishirini hivi bila kuvuta pumzi, kisha akaniuliza kama Wachina wana neno la Mfini wa pasipoti tu.