Kufuli la WhatsApp na siri za wodini

Mama mmoja alirudi kliniki na mtoto wa wiki sita, akasubiri wenzake wapungue kwenye benchi, kisha akanisogelea. "Sista, kadi yangu imefikaje kwenye simu ya shemeji?"

Hakuna aliyedukua kitu. Usiku aliolazwa, mwenzetu wa wodi ya wazazi alikuwa zamu peke yake na presha ya mama ilikuwa imepanda. Akapiga picha kadi ya kliniki, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wodi ili daktari aseme neno. Daktari alijibu, mama akatibiwa, mtoto akazaliwa salama. Ila pembeni ya namba za presha palisomeka jina, kijiji na majibu ya kipimo cha VVU. Ndani ya grupu alikuwamo mtumishi aliyehama kituo miezi kadhaa nyuma, na simu yake huchezewa na kila mtu nyumbani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza tunavyojitetea, sisi watumishi wa afya wa huku Dodoma na mikoa jirani. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"WhatsApp imefungwa mwisho hadi mwisho, tuko salama."

Kufuli lipo kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafumbwa kwenye simu ya mtumaji na kufumbuliwa kwenye simu ya mpokeaji, na aliye katikati ya njia hasomi kitu. Lakini linalinda njia tu. Bahasha iliyofungwa vizuri itasafiri na basi kutoka Kondoa bila kondakta kujua kilichomo. Ikishafunguliwa mezani, anayepita anasoma. Siri zetu huvuja hapo mezani. Picha hujihifadhi yenyewe kwenye galari, katikati ya picha za harusi na za watoto. Nakala ya akiba inayopandishwa Google Drive au iCloud haina kufuli hilo mpaka mwenyewe uliwashe kwenye mipangilio; uwezo huo uliletwa 2021. Meseji hujitokeza kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, nawe umekaa kwenye daladala ya Nkuhungu na abiria wa pembeni ana macho.

Na kompyuta ya wodi! Mtu anaunganisha WhatsApp yake ili atoe fomu, anamaliza zamu, anaondoka. Anayeingia asubuhi anakuta mazungumzo yote wazi. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako leo, uone ni wapi bado umo.

"Nimeficha jina, mgonjwa hajulikani."

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu anayeisema huwa ana nia njema. Jijini pengine jina likifichwa mtu amefichika. Huku vijijini, Chemba au Bahi, ukiandika "binti wa miaka 16, mapacha, ametokea kijiji fulani, ameletwa na bibi yake", umeshamtaja. Kijiji kina binti mmoja wa namna hiyo na mwenyekiti wa kitongoji anamjua. Picha ya kidonda nayo hubeba kitenge, kovu, chale, namba ya kitanda, wakati mwingine na uso wa ndugu aliyesimama nyuma. Piga karibu, kidonda pekee, na mwombe mgonjwa ruhusa kabla hujainua simu. Umri na kijiji vinaweza kungoja mpaka daktari avihitaji, naye atavipata kwa kupigiwa.

"Nimeshatuma kwenye grupu, wamejua."

Vitiki viwili vya kijivu maana yake ujumbe umefika kwenye simu. Haina maana kwamba kuna aliyesoma. Kwenye grupu, vitiki hugeuka bluu wote waliomo wakishasoma, kwa hiyo grupu la watu sitini halitakwambia kama daktari wa zamu yuko macho au amelala. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hana dakika za kusubiri vitiki. Piga simu. Asipopokea, mpigie anayefuata. Ujumbe utafuata baadaye na maelezo.

"Basi tuache simu kabisa, turudi kwenye makaratasi."

Hapana. Kutoka Kondoa mpaka Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100. Picha ya eksirei ikimtangulia mgonjwa, anayempokea anajiandaa kabla gari halijafika. Mfumo wa m-mama, wa kumsafirisha mjamzito na mtoto mchanga kwenye dharura, unaanza kwa kupiga 115. Simu zinaokoa watu.

Kinachotakiwa ni kuchagua njia. Meseji ya kawaida ya laini haina kufuli la mwisho hadi mwisho, hivyo kukimbilia huko ni kujiweka pabaya zaidi. Telegram watu huidhani ni ya siri, kumbe magrupu yake hayana kufuli hilo. Lipo kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Signal ni ya bure, ina kufuli hilo kwa kila mazungumzo, na ujumbe unaweza kuupangia muda wa kujifuta. Hospitali yenye mfumo wake rasmi wa mawasiliano itumie huo kwanza.

"Nimeifuta, imekwisha."

Labda umefuta upande wako tu, labda kwa wote. Aliyeifowadi kabla, au aliyepiga skrinishoti, bado anayo.

"Dozi ipo kwenye meseji, inatosha."

Haitoshi, na hapa ni uhai wa mtu. Kidole kikiteleza, nukta ikapotea, 0.5 inasomeka 5. Agizo la daktari lirudiwe kwa sauti kwenye simu, kisha liandikwe kwenye faili pamoja na saa na jina la aliyeagiza. Kama mmewasha ujumbe wa kujifuta, nakilini kwanza.

"Sheria ya taarifa binafsi ni ya makampuni."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hospitali zimo. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Majibu ya VVU yalikuwa na ulinzi wake tangu zamani, kwenye sheria ya UKIMWI ya 2008.

Kwetu grupu sasa ni la waliopo wodini tu. Wanafunzi wa fildi hawaingizwi. Kila tarehe mosi inchaji anafungua orodha ya majina, anailinganisha na ratiba ya zamu, na aliyehama anatolewa siku hiyohiyo.