Funua blanketi kwanza

Mwezi huu ni mara ya nne kuambiwa hivyo. Safari hii ni kijana aliyetoka Dar kuja kumwona mama yake kwenye makao ya wazee hapa Moshi: “Sista, mama anatunzwa vizuri. Chumba kinanukia, na mwenyewe kaniambia hajambo.” Nikafunua blanketi mbele yake. Kisigino cha kushoto kilikuwa na gamba jeusi, kavu.

Jamani, sakafu kupigwa deki hakunielezi lolote kuhusu ngozi ya mgonjwa. Na mzee wa huku ukimwamkia atakuitikia marahaba na kukuambia hajambo, hata kama hajageuzwa tangu jana, hasa mhudumu akiwa amesimama mlangoni. Kaa naye mkiwa wawili, umuulize vitu vinavyojibika. Leo umekula nini? Nani kakuogesha? Usiku ukiita, anakuja nani?

Uzito nitaugusa tu. Mzee wa kilo 50 akipungua kilo mbili na nusu ndani ya mwezi, dai maelezo. Kama hakuna mizani, tazama pete inavyozunguka kidoleni na meno ya bandia yanavyocheza.

Kinachonikera ni huu “wekundu”. Tumefundishwa kwamba kidonda cha mgandamizo, kile cha kulalia upande mmoja muda mrefu, huanza na wekundu usiofifia ukibonyeza. Wekundu upi, kwenye ngozi ya bibi yangu? Kwenye ngozi nyeusi mahali hapo huweza kuonekana peusi zaidi, au pa zambarau, au pasionekane na tofauti yoyote. Tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa chini ya kiuno, kwenye nyonga, kwenye visigino, kisha ulinganishe na ngozi ya jirani. Pakiwa na joto kuliko jirani, au baridi, au pagumu, au palaini kama ndizi iliyopondeka, au mzee akashtuka kwa maumivu, pameshaanza kuharibika. Usipasugue kwa mafuta wala spiriti, utaumiza nyama iliyo chini. Na ile glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino iondoeni, nawaomba. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee.

Kila saa mbili mgeuze, ndivyo tunavyoambiwa. Nimefanya zamu za usiku tukiwa wawili kwa wazee 20. Tukimgeuza pamoja, dakika tano kwa kila mzee ni dakika 100 kati ya 120, kabla hujabadilisha pampasi hata moja. Ndiyo maana chati yenye vema za usiku kucha, zote kwa wino na mkandamizo uleule wa kalamu, hainitulizi. Narudi kwenye ngozi.

Ila si kila kidonda ni uzembe. Mtu anapokaribia kufa, ngozi nayo huweza kushindwa kama figo zinavyoshindwa. Niliwahi kumkaripia mhudumu kwa kidonda cha mzee aliyefariki siku nne baadaye, na mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki.

Ukiona jambo, mwambie kiongozi wa zamu siku hiyohiyo, uandike tarehe, upige picha kama mzee ameridhia. Wakikuzungusha, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Yule mama alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi. Kwenye daftari waliandika siku tatu mfululizo “amekataa kula”. Stuli ilikuwa kushoto kwa kitanda, na juu yake bakuli la mtori uliopoa mpaka ukafanya utando, na kikombe cha maji kimejaa hadi ukingoni. Kijana alihamishia stuli kulia, akaupasha mtori, akampa mama kijiko mkononi. Alikula zaidi ya nusu bakuli, kisha akaomba maji.