Diaframu iliyolowa petroli hudanganya kidole

Mafundi wengi wa pawasoo (misumeno ya injini) hapa Arua, Uganda, hukagua diaframu, kile kiwambo chembamba cha raba ndani ya kabureta, kwa mtindo mmoja. Wanafungua kabureta, wanaitoa ikiwa bado inanuka petroli, wanaibonyeza kwa kidole gumba, na wakiikuta laini wanairudisha. "Hii bado nzima, mwalimu." Kesho yake asubuhi mashine haiwaki bila choki, na ikiwaka, ukibonyeza mafuta inakohoa na kuzima.

Kidole hakijakosea. Diaframu ilikuwa laini kweli, ila ulaini wenyewe iliuazima kwa petroli.

Nyingi zimetengenezwa kwa raba ya nitrili, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa hapa na pale ili isiteleze ikaachana. Petroli ikiingia, molekuli zake ndogo, hasa toluini na zailini, hujipenyeza katikati ya minyororo hiyo na kuitanua. Raba inavimba, inalegea. Kadiri nitrili inavyokuwa na akrilonitrili nyingi (mojawapo ya viambato vyake; hutiwa kati ya asilimia 18 na 50) ndivyo inavyopungua kuvimba, lakini nayo hukakamaa mapema kwenye baridi. Arua hilo halitusumbui.

Kuna anayeniambia upande fulani wa diaframu haujaguswa na petroli, umepata mvuke tu. Huo "mvuke tu" usiudharau. Ndani ya chombo kilichofungwa chenye petroli chini, mvuke uliojaa uko katika mizani moja na petroli yenyewe. Raba ikikaa humo vya kutosha itanyonya karibu sawa na ambayo ingezamishwa. Ndiyo maana pawasoo iliyolala stoo na petroli nusu tangi huamka na diaframu laini hata kama haikufanya kazi wiki nzima.

Ila kuna jambo ambalo mvuke hauwezi na petroli inaweza. Kiwandani nitrili huchanganywa na kilainishi, kimiminika kizito ambacho hakijafungwa kwenye minyororo. Esta za thalati zimetumika sana kwa kazi hiyo. Mvuke unaingia na kutoka, kilainishi kinabaki ndani. Petroli inakiyeyusha na kuondoka nacho, kidogo kidogo, kila tangi. Nafasi yake inashikwa na petroli, kwa hiyo mradi diaframu imelowa huoni upungufu wowote. Msimu wa kukata misonobari ukiisha, mashine inakauka, petroli inaruka, na ndani hakuna tena cha kulainisha. Raba inasinyaa kuliko ilivyokuwa mpya, inakaza, wakati mwingine inajivuta hata kwenye matundu ya skrubu.

Juu ya hayo upo uzee wenyewe. Oksijeni huongeza vifungo kati ya minyororo ya nitrili, na injini ya moto huharakisha; kwa makadirio ya kawaida ya mafundi wa polima, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukaribia kuzidisha kasi mara mbili. Ukakamavu huu haurudi nyuma. Ukiitia petroli italegea tena kidogo, na kidole kitafurahi, lakini haitafika ilikokuwa. Kazi ya diaframu ya kupimia mafuta ni kusukuma kale kawenzo kadogo kanakofungua sindano inayoruhusu petroli kuingia. Ikishakakamaa, mvuto wa injini hautoshi kuisogeza, mafuta yanapungua, na fundi anaanza kugeuza skrubu za kabureta ambazo hazina kosa.

Kwa hiyo ikauke kwanza. Itandaze kivulini, usiipulizie hewa ya kompresa, mpaka harufu iishe kabisa. Kisha iweke kando ya mpya ya aina ileile. Itikise karibu na sikio: ikilia kama karatasi ya daftari, imekwisha. Wapo wanaobandika kipima ugumu cha Shore A juu yake wapate namba ya kuandika kwenye ripoti. Kipimo hicho kinataka raba ya unene wa milimita 6, na diaframu haifiki hata moja. Namba wanayosoma ni ya meza.

Petroli ikichanganywa na ethanoli, kama sheria ya bayofueli ya Uganda ya 2020 inavyoruhusu, hesabu inabadilika. Petroli yenye ethanoli kidogo huvimbisha nitrili kuliko petroli tupu, na pia kuliko ethanoli tupu. Raba ya flurokaboni inahimili vizuri zaidi, bei yake ndiyo ngumu.

Na spea "mpya" nayo izoee kuulizwa umri. Kiwango cha ISO 2230 kinaipa nitrili miaka 7 ya kukaa stoo, imefunikwa, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Pakiti inayoning'inia juani mlangoni mwa duka haimo katika hesabu hiyo. Ikiwa haina tarehe, omba uifungue na uikunje pembeni mbele ya muuzaji. Ikiacha alama nyeupe au ufa, mrudishie.